Hasira za Kusini, kutoka pamba ya Mjerumani hadi korosho na gesi: tunapinga nini hasa?

#1 Mchonga Mpingo, Mtwara

Wanajukwaa, salaam.

Tangu Rais Trump atangaze ushuru wake Aprili 2025, mijadala ya utandawazi humu imekuwa ya Marekani, China na Ulaya tu. Watu wanajua kwa undani kwa nini Waingereza walipiga kura 2016 kutoka Umoja wa Ulaya, wanajua maandamano ya Seattle ya 1999 dhidi ya Shirika la Biashara Duniani. Ni mambo ya kujua. Ila Mtwara na Lindi tumegombana na soko la dunia zamani kuliko hao wote, kwa gharama ya roho za watu, halafu tukitajwa tunatajwa kama watu wa fujo wasiotaka maendeleo. Hilo linaniuma, ndiyo maana nimefungua uzi huu. Ni mrefu, mwenye haraka ausome jioni akitulia.

Naanzia Nandete, Kilwa, kwenye milima ya Umatumbi. Julai 1905 watu wa pale waling'oa mipamba shambani, na vita vya Maji Maji vikawa vimeanza. Shuleni tulifundishwa habari za Kinjikitile Ngwale na maji yake, pamba ikapita kwa mstari mmoja. Mimi naona pamba ndiyo habari yenyewe. Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilikuwa vinategemea pamba ya Marekani, wenye viwanda wakataka pamba yao wenyewe kutoka makoloni. Kuanzia 1902 serikali ya Gavana von Götzen ikalazimisha mashamba ya pamba ya kijiji. Mtu anaacha mtama wake wakati wa palizi, anakwenda kulima pamba ya watu wasiomjua, malipo yake hayanunui hata chakula alichokosa kulima. Walipokataa, wakachomewa maghala na mashamba mpaka njaa ikamaliza vijiji. Wajerumani wenyewe walikiri vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wanataja hadi 300,000.

Ukinionyesha upinzani dhidi ya utandawazi ulioanza kabla ya huo, nitakusikiliza. Waliokuwa wanapigana Umatumbi hawakuwa wageni wa biashara ya mbali. Kilwa ilikuwa inauza dhahabu na pembe za ndovu ng'ambo ya bahari karne nyingi kabla Mjerumani hajafika. Biashara waliijua. Walichokataa ni kulazimishwa walime nini, kwa bei gani, kwa faida ya nani.

Mradi wa karanga nitaupitia haraka kwa sababu wengi mnaujua. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, 1947 ikaja kufyeka misitu Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta, reli, bandari ya Mtwara, vyote kwa ajili ya karanga. Kufikia 1951 pauni milioni 36 zimepotea na mradi umefutwa. Bandari tumebaki nayo, reli iling'olewa miaka ya mwanzo ya 60. Uamuzi wa kuanza ulifanyika London, na wa kufunga pia.

Sasa korosho. Hapa naomba mnivumilie.

Mkorosho wenyewe ni mgeni, ulitoka Brazil ukaletwa na Wareno. Leo hakuna nyumba Tandahimba, Newala au Masasi isiyoutegemea: karo, bati la nyumba, mahari, matibabu. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000. Miaka kumi na kitu baadaye tulikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, na si zote zilitoka nje. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, magugu yakaimeza. Ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia. Bei aliyopewa mkulima ikawa haina maana. Katikati ya hayo yote serikali ilikuwa imekopa Benki ya Dunia ikajenga viwanda vya kubangua, mitambo ikatoka Italia na Japani. Viwanda vinakamilika, korosho zimeisha. Deni likabaki pale pale.

Mwaka 1986 tukasaini na Shirika la Fedha la Kimataifa masharti ambayo Mwalimu Nyerere alikuwa amegombana nayo kwa miaka. Miaka ya 90 biashara ya korosho ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, viwanda vikauzwa, vingi vikageuzwa maghala ya korosho ghafi zinazosubiri meli. Jengo lililojengwa kubangulia korosho likawa chumba cha kusubiria safari. Pita barabara za Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, utayaona.

Ng'ambo ya Ruvuma ilikuwa wazi zaidi. Miaka ya 90 Benki ya Dunia iliibana Msumbiji ipunguze ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, kwa hoja kwamba mkulima atapata bei nzuri zaidi. Bei ya mkulima ikapanda kidogo sana. Viwanda vikafungwa, maelfu ya wabanguaji, wengi wao wanawake, wakarudi nyumbani. Korosho zikaenda kubanguliwa India, na India yenyewe haikuwa imeacha kulinda viwanda vyake. Mwishowe Bunge la Msumbiji likakataa na kupandisha tena ushuru. Ndugu zetu Wamakonde wa upande ule walilipa gharama ya nadharia iliyoandikwa Washington, nasi wa upande huu tuliona na hatukujifunza haraka.

Nirudi kwa Trump. Siku ile ya Aprili 2025 Vietnam ilitajiwa asilimia 46, India 26, sisi 10. Baadaye Vietnam ikajadiliana ikashushwa hadi 20, India ikapandishwa hadi 50 mwezi Agosti. Hapa kwetu watu wakasema hayatuhusu. Korosho ya Tandahimba inapakiwa ghafi bandarini Mtwara, inabanguliwa Vietnam au India, na mojawapo ya masoko makubwa ya korosho ya Vietnam ni Marekani. Kinachompiga mbanguaji wa Binh Phuoc kule Vietnam kinashuka mpaka kwenye mnada wetu. Kama tungekuwa na viwanda vinavyofanya kazi, asilimia 10 yetu dhidi ya 20 ya Vietnam na 50 ya India ingekuwa mlango uliofunguka ghafla. Ulifunguka, na sisi hatukuwa na mzigo wa kutosha uliobanguliwa wa kupitisha.

Mwisho gesi. Mnazi Bay iligunduliwa 1982, Songosongo 1974. Miaka zaidi ya 30 watu wanaambiwa Kusini itakuwa na viwanda. Desemba 2012 wakaandamana Mtwara: gesi haitoki. Januari 2013 kukachafuka mpaka Masasi. Tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati iliposomwa Dodoma na bomba la kwenda Dar es Salaam likathibitishwa, mji ukawaka, jeshi likaja. Bomba lilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China na makampuni ya China, likazinduliwa 2015.

Nilikuwepo. Sitetei kuchoma nyumba ya mtu wala kupiga mtu. Lakini waandishi waliokuja walituandika kama watu waliochochewa, watu wasiojua umeme unatengenezwaje. Ombi la watu lilikuwa jepesi kulielewa: jengeni mtambo wa umeme hapa, jengeni kiwanda cha mbolea hapa, kisha safirisheni umeme. Hayo si matusi kwa taifa.

Hoja yangu ni hii. Kuanzia Nandete mpaka Mtwara ya 2013 watu wa Kusini wamedai kitu kimoja, nacho ni kuwepo pale masharti yanapopangwa. Wanaodai hivyo hawaichukii dunia, na hawawachukii Watanzania wenzao.

Karibuni.

#2 Mzalendo wa Ilala

Mkuu uzi umeshiba, hongera. Ila hapo kwenye gesi napingana nawe moja kwa moja. Gesi ni ya Watanzania wote. Geita wakisema dhahabu haitoki, Kilimanjaro wakasema maji ya mlima hayatoki, tutabaki na nchi gani? Mwaka 2013 nilikuwa mwanafunzi, mgao wa umeme ulikuwa unatuua. Baadaye, kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya umeme wa gridi ilitoka kwenye gesi hiyo hiyo, na nyie huko pia mkanufaika. Mtambo ungejengwa Mtwara wakati watumiaji wako Dar, nguzo za kusafirishia umeme zingejengwa na nani?

Pili, unachanganya mkoloni na serikali yetu wenyewe. Von Götzen hakuchaguliwa na mtu. Bunge lililopitisha bomba lilichaguliwa, na wabunge wenu walikuwemo.

#3 Mama Mbaazi, Lindi

Mchonga Mpingo shikamoo kama ni mkubwa kwangu. Umeandika vizuri ila umesahau mbaazi, na mbaazi ndiyo iliyotufundisha sisi wa Nachingwea na Ruangwa.

Mwaka 2015 na 2016 India walikuwa na upungufu wa dengu na mbaazi, bei huku ikapanda, mtu anauza kilo kwa zaidi ya shilingi elfu mbili. Kila mtu akalima, hata shamba la mahindi likapandwa mbaazi. Wakulima wa India nao wakalima. Agosti 2017 serikali ya India ikaweka kikomo cha tani 200,000 za mbaazi kutoka nje kwa mwaka, ili kuwalinda wakulima wake. Huku tulikuwa tunavuna. Bei ikaanguka mpaka mia na kitu, wengine wakaona kuvuna ni hasara, wakaacha mbaazi zikaukia kwenye miti. Mimi nilikuwa nimeshalipa vibarua wa palizi. Magunia yalikaa ndani ya chumba cha watoto mpaka wadudu wakaanza.

Nilichojifunza: yule waziri wa India hakufanya kosa. Alilinda watu wake, ndiyo kazi yake. Swali langu kwa wote mliosoma: siku ile nani alikuwa kazini kwa ajili yangu? Kwa nini habari za kikomo nilizisikia kwa dalali, na hakuna mtu wa serikali wala ushirika aliyekuja kutuonya mapema?

#4 Mchonga Mpingo

Mama Mbaazi, marahaba. Swali lako ni zito kuliko uzi wangu wote, nitalirudia.

Mzalendo wa Ilala, gesi ni ya wote, tena Katiba na sheria ziko wazi. Hakuna aliyetaka kujitenga. Ila angalia ulivyosema: watumiaji wako Dar. Kwa nini wako Dar? Kwa sababu viwanda viko Dar. Kwa nini viwanda viko Dar? Kwa sababu umeme, reli na barabara zilipelekwa Dar. Barabara ya lami ya kutoka Dar kuja Kusini ilikamilika tumeshazeeka kuisubiri. Wazazi wetu walikuwa wanakwama Rufiji wiki nzima wakati wa masika. Ukifuata watumiaji walipo, mtu aliyeachwa nyuma 1961 ataachwa nyuma daima.

Kuhusu Bunge kuchaguliwa, kweli kabisa, na hiyo inaniuma zaidi. Mwaka 2018 haikuwa Benki ya Dunia iliyotunyang'anya fedha ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje. Sheria ilikuwa inasema asilimia 65 ya ushuru ule irudi kuendeleza zao, yaani salfa ya kupulizia mikorosho, miche, utafiti wa kituo cha Naliendele. Juni 2018 ikabadilishwa, yote ikaenda Mfuko Mkuu wa serikali. Wabunge wa Kusini walisimama wakapinga, wakashindwa kwa kura. Miezi michache baadaye wanunuzi wakaja na bei ndogo, wakulima wakagoma kuuza, Rais Magufuli akawafukuza mawaziri wawili, akatangaza serikali itanunua kwa shilingi 3,300 na jeshi likaja kubeba. Aliwasikia watu, namheshimu kwa hilo. Lakini baada ya kununua, auze wapi? Kwa wanunuzi wale wale wa nje. Mzigo ukakaa maghalani, wakulima wakakaa kwenye foleni ya uhakiki wakisubiri malipo. Serikali nzima yenye jeshi iligundua kile mkulima wa Newala anachokijua kila Oktoba, kwamba ukiwa na korosho ghafi huna pa kwenda nayo.

#5 Karani wa Ghala, Newala

Nimefanya kazi kwenye ushirika, niruhusuni niwape hesabu zinavyokwenda, maana humu kila mtu anasema "tubangue wenyewe" kama vile ni suala la kuamua tu.

Kwanza mnada. Kabla ya mauzo kuhamia mtandaoni, barua za wanunuzi zilifunguliwa mbele ya wakulima uwanjani. Anasomwa mnunuzi, tani anazotaka, bei ya juu, bei ya chini. Wakulima wamekaa chini ya mwembe, akina mama upande wao, kimya mpaka bei ya mwisho isomwe. Kisha mwenyekiti anauliza, tunauza hatuuzi? Mikono. Nimeona mikono ikikataa bei huku nusu ya waliokataa hawana hela ya daftari la mtoto. Huyo ndiye mnayemwita hajui siasa za dunia.

Bei ile si anayoipata. Inakatwa ya ushirika, ya chama kikuu, usafiri, ghala, gunia, halmashauri. Watu wanapolalamika makato wana haki, ingawa stakabadhi ghalani, yaani huku kuuza kwa mnada kupitia ghala la ushirika, bado ni bora kuliko kangomba, anayekuja Agosti kumnunulia mtu mwenye njaa kwa kipimo cha bakuli. Aprili 2013 Liwale nyumba zilichomwa kwa sababu ya malipo pungufu. Watu walioumizwa pale walikuwa viongozi wa ushirika na wa siasa wa hapa hapa. Mchonga Mpingo hiyo hukuiandika, na ni sehemu ya habari.

Sasa kubangua. Korosho zetu zinavunwa Oktoba mpaka Januari hivi. Kiwanda kikitaka kufanya kazi mwaka mzima lazima kinunue mzigo wa mwaka mzima ndani ya miezi mitatu, kwa fedha taslimu, pale pale mnadani, kikishindana na mnunuzi wa nje. Mfanyabiashara wa Vietnam anakopa kwa riba ndogo kuliko yetu. Tena yeye hategemei msimu wetu: Ivory Coast, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, inavuna kuanzia Februari, Kambodia nayo vivyo hivyo, kwa hiyo mashine zake hazilali. Sisi tunavuna wakati wao wa Afrika Magharibi wamemaliza, ndiyo maana wanatuhitaji, na hiyo ndiyo nguvu pekee tuliyo nayo mezani. India nayo inatoza ushuru mdogo kwa korosho ghafi na mkubwa kwa iliyobanguliwa, ili ipate malighafi na izuie ushindani.

Kwa hiyo ukiweka kiwanda Mtwara bila mkopo wa muda mrefu wa kununulia mzigo, utakifunga kabla ya Juni. Nimeshuhudia vikifungwa hivyo. Hakuna mzungu aliyekuja kukifunga.

#6 Dada wa Mikindani

Naomba nami niseme kwa sababu nimebangua kwa mikono yangu.

Korosho inachemshwa kwa mvuke kwanza, inaanikwa ipoe. Unakaa kwenye mashine ya mkono, mguu unakanyaga, mkono unaweka korosho, kisu kinapasua, mwenzako anachomoa kiini. Ganda lina mafuta yanayounguza. Tulikuwa tunapaka mafuta ya kula mikononi na majivu, bado ngozi inatoka, ukienda kula unashikia chakula kwa ncha za vidole. Mlipwaji analipwa kwa kilo ya kiini, na kinachohesabiwa vizuri ni kiini kizima. Kikivunjika thamani inashuka, kwa hiyo siku nzima unafanya haraka bila kuharakisha. Baada ya hapo kuna wa kumenya ganda la ndani, kuna wa kuchambua madaraja. Kilo nne au tano za ghafi ndiyo kilo moja ya kiini.

Nasema haya kwa sababu wanaume wengi wakizungumza viwanda wanazungumza fahari ya mkoa. Kiwanda nilichofanyia kilifunga bila kutulipa mwezi wa mwisho, na mwenye nacho alikuwa Mtanzania. Nataka viwanda virudi, nataka kwa moyo wote, kwa sababu ile ndiyo hela pekee niliyowahi kuishika mwenyewe kila mwezi bila kuomba. Ila virudi na glavu, na mkataba, na malipo yanayolipika. Mkishindana na Vietnam kwa kutupunja sisi, mtakuwa mmehamisha dhuluma kutoka bandarini kuileta mlangoni kwangu.

#7 Mzalendo wa Ilala

Dada wa Mikindani, umenifundisha. Asante sana.

Niulize upande mwingine. Julai 2025 serikali ilipiga marufuku wageni kufanya biashara ndogo kadhaa, pamoja na kununua mazao shambani. Kariakoo tulishangilia. Wakenya wakakasirika, na wana haki ya kuuliza Jumuiya ya Afrika Mashariki inamaanisha nini. Mnaonaje huko? Hiyo ni kujilinda au ni kufukuza wageni?

#8 Mama Mbaazi, Lindi

Kwangu anayekuja shambani kuninunulia kwa bei ya kunyonya akiwa Mchina au akiwa mtoto wa mjumbe wetu ni yule yule. Amri ile isimlinde kangomba mzawa. Kama inamzuia mgeni na kumwachia mwenyeji aninyonye peke yake bila mshindani, basi mimi nimepoteza.

#9 Mtoto wa Likong'o

Nimesoma kimya tangu juzi. Mimi kwetu ni pale ambapo mtambo wa kuchakata gesi asilia utajengwa, Lindi. Makampuni yanayotajwa ni Shell, Equinor, ExxonMobil na wenzao pamoja na TPDC, shirika letu la mafuta na gesi. Makubaliano ya awali yalisainiwa Dodoma Juni 2022. Fidia watu walishalipwa, wakahama. Mnazi uliokatwa haupo, mtambo nao haupo. Vijana walisoma ufundi wa kuchomelea vyuma kwa matumaini ya mradi, sasa wako Dar wanaendesha bodaboda.

Kuna wakati natamani makampuni yaje hata kesho, na kuna wakati nakumbuka Palma ya Msumbiji ilipovamiwa na wapiganaji, Machi 2021, watu walivyokimbia kuvuka Ruvuma, na ule ulikuwa mji wa mradi kama wetu. Sisemi gesi ndiyo iliyoleta vita Cabo Delgado, mambo yale ni mengi. Nasema pale pia vijana walikaa wakitazama uzio unajengwa.

Msituombe tuchague kati ya kupenda na kukataa wawekezaji. Mimi nataka kusoma mkataba kabla haujasainiwa.

#10 Fundi Cherehani

Kwa wanaosema tujilinde kwa ushuru, kumbukeni mitumba. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana 2016 kuiondoa polepole ili viwanda vya nguo viinuke. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, Marekani ikatishia kutuondoa kwenye AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda tukarudi nyuma. Rwanda ikasimama, 2018 ikasimamishwa nafuu ya nguo. Miaka michache baadaye Marekani hao hao wanapandishia dunia nzima ushuru. Mimi ni fundi, kitenge cha sokoni Mtwara kinatoka nje, na pamba ya Tanzania nyingi inatoka ghafi kama korosho zenu. Mdogo akijilinda anaadhibiwa, mkubwa akijilinda inaitwa sera.

#11 Mchonga Mpingo

Nimewasoma wote. Karani wa Ghala, Liwale umeisema sawa na inaingia kwenye hoja: watu wanachoma panapofikika. Aliyepanga bei yuko mbali, mwenyekiti wa ushirika yuko jirani. Haimwondolei mwenyekiti lawama kama fedha aliila.

Mtoto wa Likong'o, unachotaka kina msingi wa kisheria. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria mbili, moja ya mamlaka ya nchi juu ya utajiri na rasilimali zake, nyingine inayoliruhusu Bunge kupitia mikataba ya rasilimali na kuagiza masharti mabaya yajadiliwe upya. Zilipotungwa tuliambiwa ni za kuwabana wageni. Tuzitumie na kwa serikali yetu pia: mkataba wa Likong'o ujadiliwe hadharani Lindi, wenye ardhi wakiwepo, kabla ya kalamu kushuka. Hiyo hiyo kwa madini ya kinywe (grafiti) ya Ruangwa, ambayo dunia inayataka kwa betri za magari ya umeme. Kama tutayapakia bandarini yakiwa unga mweusi ndani ya magunia, tutakuwa na korosho ya pili.

Kwenye korosho yenyewe, serikali imesema inataka kufikia 2030 zote ziwe zinabanguliwa nchini, na eneo la viwanda limetengwa Maranje. Nimefurahi. Lakini baada ya maelezo ya Karani wa Ghala nitauliza la fedha kabla ya majengo, kwa sababu majengo tulikuwa nayo. Mkutano mkuu wa AMCOS yetu, yaani chama chetu cha ushirika cha msingi, unafanyika kabla ya msimu. Nitataka kujua ushuru wa korosho ghafi wa msimu uliopita ulikusanywa kiasi gani na kilichorudi kwenye zao ni kiasi gani, na kama chama kikuu kina mpango wa mkopo wa kununulia mzigo wa kiwanda. Na swali la Mama Mbaazi litakuwa la kwanza: nani analipwa kufuatilia maamuzi ya Delhi, Hanoi na Washington kwa niaba ya mkulima wa Nanyamba, na taarifa zake zinatufikia lini.

Mwenye nakala ya zile sheria mbili za 2017 kwa Kiswahili aiweke hapa tafadhali.

#12 Karani wa Ghala, Newala

Nakala ninayo, nitaiweka kesho nikifika ofisini. Kwenye mkutano usiishie kuuliza kama mkopo upo. Uliza riba ni asilimia ngapi, muda wa kulipa ni miezi mingapi, na dhamana ni nini, maana dhamana ikiwa ni korosho zenyewe zilizoko ghalani, bei ikishuka katikati ya msimu benki itazichukua na kuziuza ghafi kwa mnunuzi yule yule. Hapo ndipo wenzetu waliotangulia walipokwama. Na mwambie Dada wa Mikindani aje mkutanoni hata kama si mwanachama, akaombe nafasi ya kusema.